Kana Kwamba Sakafu Ndiyo Iliyomuuliza

Jicho lilitoa kumi na tisa.

Namba iliwaka nyekundu juu ya kizimba, kubwa kama bei ya nyama buchani, na ukumbi mzima ukaiona isipokuwa mwenye nayo. Enelesi Kabuje alikuwa bado ameinama, anatazama vidole vyake ndani ya ndala za mahabusu. Kwenye benchi la nyuma mtu akasema, "Kwisha habari yake huyo," na wala hakuna aliyemkemea. Jicho, ile mashine ya darini inayopima ukweli wa mtu, likikupa chini ya arobaini, ushahidi wako hauingii kwenye hukumu. Chini ya ishirini, jamani, heri ungekaa kimya tangu mwanzo ukala ugali wa magereza kwa amani.

Alishtakiwa kumuua mumewe, Lusajo, kwa kumtilia kwenye maharage dawa ya kuulia wadudu wa parachichi, ile mpya isiyo na harufu wala rangi. Yeye alieleza, kwa sauti ambayo vipaza sauti vilihangaika kuinasa, kwamba dawa ilikuwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Aliyeihamishia humo ni baba mkwe wake, na hakumwambia mtu. Enelesi akamimina akijua ni mafuta. Sahani moja akampa mumewe, ya kwake akaiacha jikoni kwa sababu mtoto alikuwa analia, na kilio hicho ndicho kilichomwokoa.

Baba mkwe, Mzee Gwakisa, alikuwa ameshatoa ushahidi asubuhi ile. Dumu halijui, dawa haijui, hajui lolote. Alisema hayo akimkazia Jaji macho, kifua mbele, na Jicho likampa themanini na nane. Sasa alikuwa ameketi benchi la mbele, hatua mbili kutoka kizimbani, amekunja mikono.

Na kwa kina Enelesi, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hamtazami kabisa. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anajitosa migombani mpaka mzee apite. Jina lake halitii kinywani. Hata wanaume wa rika la mkwe anawainamia, na Jaji Ezron Kasyupa, mwenye mvi zake kule juu, alikuwa wa rika hilo hilo. Mwanamke wa watu alitakiwa amshtaki mmoja mbele ya mwingine, na alifanya hivyo kwa njia pekee aliyofundishwa, uso chini.

Tusekile Mwakyambo, msaidizi wa Jaji, alikuwa mezani pake chini ya kiti cha Jaji. Zamani kazi hii ilikuwa kazi kweli, kutafuta sheria, kuandaa rasimu za hukumu, kubishana na Jaji juu ya neno moja mpaka chai ipoe. Siku hizi ananakili tu sababu za Jicho kutoka kioo cha kompyuta cha kushoto kwenda cha kulia, na hata hapo kioo chenyewe kinammalizia sentensi kabla hajafika katikati. Akatazama kushoto, sababu zikajitokeza.

*Shahidi haaminiki. Aliangalia chini muda wote, kana kwamba sakafu ndiyo iliyomuuliza swali.*

Akaisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Haikuwa sentensi mbaya. Ilikuwa nzuri, tena nzuri sana, na hapo ndipo palipomchoma. Aliitunga yeye.

Aliikumbuka mpaka siku yake. Ilikuwa Alhamisi ya mvua, mwaka wake wa kwanza kazini, miaka kumi na mitano iliyopita. Kesi ya wizi wa ng'ombe. Uso wa shahidi hakuukumbuka, na asingeweza kuukumbuka, kwa sababu siku ile hakuwamo ukumbini. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino.

Mambo yalikuwa hivi. Enzi hizo Jaji Kasyupa aliandika ushahidi kwa mkono kwenye daftari kubwa, naye Tusekile akauchapa. Mwisho wa kila shahidi palikuwa na mstari uliochapwa na Serikali: MWENENDO WA SHAHIDI. Hapo Jaji alitakiwa aandike alivyomwona mtu huyo kwa macho yake, kama alitetemeka, kama alijiamini, kama alitokwa na jasho. Jaji hakuandika kitu hata siku moja. Masijala Kuu nayo ilikuwa na ugonjwa wake: jalada lenye pengo linarudishwa, liwe la mauaji au la kuku.

"Jaza hapo, mwanangu," Jaji akamwambia.

"Nijaze nini, Mheshimiwa?"

"Ulichokiona."

Angeona nini naye anachapa kichwa chini kutwa? Basi akabuni utaratibu wake. Alisubiri hukumu iishe kuandikwa, akaangalia Jaji amemwamini nani na amemkataa nani, ndipo akarudi nyuma kujaza mistari. Aliyeaminiwa: alisimama imara, akamtazama Jaji usoni. Aliyekataliwa: aliangalia chini. Alifanya kama mwanafunzi anayechungulia jibu nyuma ya kitabu kisha anatunga njia. Wakati mwingine, akichoka kurudia maneno yale yale, aliyapamba kidogo, kwa sababu alikuwa kijana na alijivunia Kiswahili chake.

Miaka sita baadaye Tume ya Vipimo vya Haki ikaja kutafuta jaji wa kuifundishia mashine. Walimtaka jaji ambaye mizani yake haijakosea. Tangu Tusekile aajiriwe, Kasyupa alikuwa ametoa hukumu mia sita na kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyopinduliwa kwa sababu ya kumwamini mwongo. Wakazichukua zote, wakailisha mashine kila kitu: maneno ya mashahidi, picha zao, sauti zao, hukumu, na ile mistari. Mashine ikapekua, ikapekua, ikagundua kwamba katika vitu vyote hivyo kimoja tu hakikosei hata mara moja. Ni ule mstari. Ungekoseaje, na aliyeuandika alikuwa anajua jibu? Wataalamu wakafurahi wakapeana mikono. Wakajenga Jicho juu ya mstari ule, wakalitundika kwenye dari za mahakama zote nchini, na madaftari ya mkono, yenye mapengo yake, yakapelekwa kusagwa.

Kwa miaka tisa Tusekile aliona Jicho likiandika *hakumtazama Jaji* na akajifanya hamnazo. Alijiambia kwamba maneno hayo ni ya kila mtu, angeweza kuyaandika yeyote. Leo sentensi yake ilikuwa imerudi nzima, haikupungua hata mkato, na mtu anakwenda nayo kifungo cha maisha.

"Kooorti!" akaita mlinzi. Watu wakasimama. Hukumu ingesomwa baada ya siku nne.

*

Jaji Kasyupa alikuwa chemba, ofisini mwake nyuma ya ukumbi, amevua joho, anamenya karanga za kuchemsha juu ya gazeti. Nje mvua ya Ntabasi ilikuwa imeanza shughuli zake za kila mchana.

"Baba," Tusekile akasema. Ndani ya ukumbi alimwita Mheshimiwa, humu ndani alimwita Baba, na haikuwa adabu tupu. Baba yake mzazi alikuwa tarishi wa mahakama hii. Alipokufa, Kasyupa ndiye aliyemsomesha mpaka chuo kikuu, na ndiye aliyesimama upande wa baba siku ya harusi yake. "Ile sababu ya Jicho leo. Ile ya sakafu. Ni sentensi yangu."

Jaji akaendelea kumenya. "Najua."

"Unajua?"

"Mimi sina lugha ya namna ile. Niliisoma ulipoichapa, nikacheka, nikatia saini."

Tusekile alikuja amejiandaa kumpa mzee habari mbaya, kumbe mzee anayo miaka yote, amekaa nayo, anakula karanga.

"Kwa hiyo unajua pia kwamba niliijaza baada ya hukumu. Ile mistari yote."

"Ulifikiri nilidhani umeoteshwa? Nisikilize, mwanangu. Siku wale vijana wa Tume walipokuja kunieleza, meno nje, kwamba siri ya busara yangu ni macho ya watu, nilitaka kucheka. Macho! Miaka thelathini sijamhukumu mtu kwa macho. Babu yangu alikuwa kengeza, na hajawahi kusema uongo. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno. Nayapanga, nayagonganisha, nangoja yavunjike. Macho hayasemi kitu."

"Mbona hukuwaambia?"

Jaji akamenya karanga nyingine. "Walinieleza jukwaani," akasema. "Mbele ya Waziri. Bendi inapiga. Wewe ungesemaje?"

Tusekile alimkumbuka siku ile, suti ya kijivu, ua kifuani, anavyopungia watu mkono. Yeye mwenyewe alikuwa pembeni anapiga makofi mpaka viganja vikauma. Hasira ikampanda, na hakujua aimwage upande gani.

"Basi mwamini tu huyu binti," akasema. "Sheria inakuruhusu. Jaji anaweza kulikataa Jicho akiandika sababu. Andika kwamba umesikiliza maneno yake, umeyagonganisha na ya mkwe wake, ya mkwe yamevunjika. Mzee wa watu hakuweza hata kueleza dumu lilitoka wapi! Uliona mwenyewe."

"Niliona."

"Kwa hiyo unajua hana hatia."

"Nadhani hana." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja saa. "Lakini nikiandika kwamba Jicho limekosea, wataniuliza limekoseaje, na Jicho ni mimi. Hakuna jaji nchini aliyelikataa kwa miaka tisa, wa kwanza awe mimi? Watarudi kwenye chanzo. Watafika kwenye mistari, watafika kwako. Na wewe utafungwa, Tusekile, usijidanganye. Kughushi kumbukumbu za mahakama ni miaka saba."

"Nipo tayari."

"Thubutu! Uko tayari kwa saba zako. Uko tayari kwa za wengine? Watu elfu nne wako ndani kwa namba za Jicho. Unamkumbuka yule aliyewafungia watoto wa ndugu yake ghalani akatia moto? Alipewa ishirini na mbili. Mimi ningemfunga hata bila Jicho, lakini hukumu imeandikwa *kwa mujibu wa Jicho*. Ukiubomoa msingi, naye anatoka. Atarudi kijijini kwa mama wa wale watoto. Utakwenda kumweleza wewe?"

Ilimuuma Tusekile kwamba hoja ilikuwa nzuri, maana mzee alikuwa na akili zake zote, wala hakuwa amechoka wala kuchanganyikiwa. Angekuwa amechanganyikiwa ingekuwa nafuu.

"Huyu ana mtoto wa miaka miwili," akasema hatimaye.

"Wote wana watoto." Jaji akakunja gazeti, maganda ndani. "Nina wiki tatu nistaafu. Wanakiita chuo cha mahakimu kwa jina langu. Niache niondoke salama, mwanangu. Baada ya hapo fanya utakalo."

Baada ya hapo Enelesi angekuwa ameshasafirishwa Gereza la Nyanda za Chini, ambako rufaa dhidi ya kumi na tisa haisajiliwi. Wote wawili walilijua hilo. Jaji akamsogezea karanga zilizobaki, kama alivyozoea, na Tusekile, kwa mazoea yale yale, akazipokea kwa mikono miwili.

*

Wakili wa utetezi aliitwa Ndeshi Lyatuu, mwanamke wa kaskazini, mrefu, mwenye haraka, hana hata mwaka mmoja hapo Ntabasi. Alimsikiliza Tusekile kwenye korido ya mahabusu mpaka mwisho, kisha akaegemea ukuta.

"Mimi mwenyewe sikumwamini," akasema. "Nilimwambia, dada, inua uso, mtazame Jaji. Akakataa. Nikajua kuna kitu ananificha. Nimemtetea kwa mkono mmoja, Mungu anisamehe."

Wakaingia pamoja. Enelesi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Tusekile akamweleza kila kitu kwa lugha ya nyumbani, taratibu, na hakujipaka mafuta: mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyeifundisha mashine kwamba anayeangalia chini ni mwongo.

Enelesi akamtazama. Wanawake wenzake aliwatazama bila shida, macho meusi, makavu, yamechoka kulia.

"Kwani nilitakiwa nimwangalie?" akauliza. "Yule wa nyumba kubwa alikuwa pale pale, dada. Ningemwangaliaje?"

Hata hapo, hata leo, hakumtaja jina.

"Mtoto wako yuko wapi?" akauliza Wakili Ndeshi.

"Si yuko kwake? Hana pengine. Anamlea yeye." Hapo akaanza kuvuta nyuzi za mkeka. "Yale madumu bado yako pale jikoni. Hakuna aliyeyatoa. Nimewaambia polisi, nimemwambia Jaji, wote wananiambia namba. Mwanangu anakula nyumba ile, dada. Kila siku anakula nyumba ile."

Tusekile alitoka mle ndani amekwisha kata shauri. Habari ya wale elfu nne ilibaki palepale, nzito kama ilivyokuwa, na yule wa ghalani pia. Hakuipatia jibu, na pengine haina. Lakini mtoto yule alikuwa anakula leo jioni.

"Nitaapa," akamwambia wakili. "Andika pingamizi."

Wakili Ndeshi alifanya kazi ile kama mtu anayelipa dhambi. Aliomba mambo mawili. La kwanza, Jaji ajitoe. Likakataliwa siku ile ile, kwa maana kanuni inasema pingamizi dhidi ya Jicho linasikilizwa na jaji yule yule aliyeketi, ili kesi zisizunguke. La pili, Jicho lizimwe shahidi huyo akisikilizwa, kwa sababu kitu hakiwezi kupima ushahidi unaokishtaki chenyewe. Hilo likakubaliwa. Mwenendo wa shahidi, amri ikasema, utaandikwa na Jaji kwa mkono wake, kwa utaratibu wa zamani.

"Tumepata!" Wakili Ndeshi akampiga Tusekile begani. "Mashine haipo. Ni wewe na mtu mzima mwenye akili, anayejua kwamba unasema kweli. Atakukataaje?"

Tusekile naye akapata matumaini. Alijua jambo ambalo wakili hakulijua vizuri: mzee yule hahukumu kwa macho. Anasikiliza maneno. Na maneno ya Tusekile yalikuwa kweli tupu, hayana pa kuvunjikia.

"Lakini usicheze na bahati," wakili akaongeza. "Mtazame usoni mwanzo mpaka mwisho. Usiwape upande wa mashtaka hata upenyo."

*

Siku ya nne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Jicho lilikuwa limefungwa kitambaa cheusi darini, na watu walilitazama kwa mashaka kama mbwa aliyefungwa mdomo. Mzee Gwakisa alikuwa benchi lake lile lile. Enelesi kizimbani, uso chini.

Tusekile akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa. Lo, kumbe ukumbi ni mwingine kabisa ukiutazama kutoka kule! Miaka kumi na mitano aliuona kutoka mezani, chini ya Jaji. Hakuwahi kujua kwamba kiti kile kiko juu kiasi hicho.

Alimtazama Jaji usoni. Akaeleza daftari, mstari, Masijala inavyorudisha majalada, jino lililong'olewa Alhamisi ya mvua. Akaeleza jinsi alivyongoja hukumu kwanza. Akaisema ile sentensi ya sakafu kwa ghibu, na watu wakaguna. Wakili wa Serikali akasimama kumhoji, akampanda, akamshuka: kwa nini umekaa kimya miaka tisa, unajua unakiri kosa la jinai, ushahidi uko wapi, madaftari yako wapi?

"Yalisagwa."

"Kwa hiyo tuna neno lako tu."

"Ndiyo. Mna neno langu tu."

Macho yake hayakutikisika. Yalimwasha, yalitoa machozi kwa kukazwa, lakini hayakushuka. Wakili Ndeshi kule mezani alikuwa ameanza kutabasamu, na mzee mmoja dirishani akasema kwa sauti, "Huyu anasema kweli, bwana."

Jaji Kasyupa alikuwa anaandika muda wote kwenye daftari jipya lililoletwa kwa ajili hiyo. Sasa akaweka kalamu chini, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya joho, hakuwa na haraka. Alipozungumza, hakutumia sauti ya mahakama. Alitumia ile ya chemba, ya mvua ya mchana, ya siku ile alipokuja msibani kwao akamkuta binti wa tarishi amejikunyata nyuma ya nyumba, akamwambia asiogope, ataendelea na shule.

"Tusekile, mwanangu," akasema kwa lugha ya nyumbani. "Mimi baba yako nilikuambia uandike uongo?"

Jibu alikuwa nalo. Aliniambia nijaze nilichokiona, alijua sikuona kitu, alisoma akacheka akatia saini. Ni jibu fupi, la kweli. Lakini lilikuwa la kumwambia mtu huyu mbele ya halaiki, naye amemwita mwanangu, naye amejiita baba, na wanaume wa rika lake wamejaa benchi zima. Tusekile alihisi shingo yake inalegea. Akaipigania. Wallahi aliipigania, akajua kabisa kinachotokea, akamwona Wakili Ndeshi akitikisa kichwa, hapana, hapana, na shingo ikashuka hata hivyo, kama ilivyofundishwa kabla hajajua kusoma.

"Ndiyo, Baba," akaiambia sakafu. "Uliniambia."

Alingoja. Alipoweza kuinua uso, Jaji alikuwa ameshavaa miwani, na hakuwa akimtazama. Alikuwa anaandika. Aliandika kitu kifupi sana mwisho wa ukurasa, mahali ambapo kalamu yake haikuwahi kugusa maisha yake yote.

"Mahakama imemwona shahidi," akasema, sasa kwa sauti ya mahakama. "Alipoulizwa swali moja lililo kiini cha pingamizi hili, hakuweza kuitazama mahakama. Pingamizi limetupwa. Alama ya Jicho inasimama. Mshtakiwa anapatikana na hatia."

Enelesi hakulia. Mlinzi alipomshika mkono aliinua uso, kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule, na hakumtazama Jaji. Alimtazama Mzee Gwakisa. Alimkazia macho, macho makavu, waziwazi, mbele za watu, na kwa sauti iliyofika mpaka madirishani akalitaja jina lake.

"Gwakisa. Mwaga yale madumu."

Wanawake wakashika vinywa. Mzee Gwakisa akageukia ukuta. Kitambaa darini hakikuondolewa, kwa hiyo hakuna aliyejua Jicho lingempa ngapi, na kwa sheria haikuwa na maana tena.

Watu wakatoka kwa kusukumana. Wakili Ndeshi alimpita Tusekile bila kumgeukia. Kuhusu kukamatwa kwa Tusekile, Wakili wa Serikali alisema hakuna haraka, maana mahakama imeshasema hakuna alichoghushi.

Jaji akateremka hatua zile tatu mwenyewe, polepole, goti likimsumbua. Akaweka daftari juu ya meza ya Tusekile.

"Jalada liende Masijala leo," akasema. "Lisiwe na pengo."

Hakukuwa na msaidizi mwingine. Tusekile akaketi mahali pake. Akachapa ushahidi wake mwenyewe, neno kwa neno, jino, mvua, mistari, mpaka akafika chini ya ukurasa. MWENENDO WA SHAHIDI. Pale palikuwa na maneno mawili kwa mwandiko wa mzee, na yalikuwa ya kweli. Katika mistari yote iliyowahi kujazwa kwenye meza ile, huo ulikuwa wa kwanza kuandikwa na mtu aliyemtazama shahidi.

Akachapa: *Aliangalia chini*.

Kioo kikammalizia.